Nakuru na Naivasha: Miji Miwili ya Ziwa, Maisha Mawili

Nakuru na Naivasha ni miji miwili ya kaunti moja, ndani ya bonde moja, kando ya barabara kuu moja. Kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Yote miwili iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yote ilikuzwa na reli iliyopanda kutoka Mombasa, na kila mmoja una ziwa linalojulikana duniani. Kwa mfanano huo, mtu angetarajia maisha ya wakazi wake yakaribiane pia. Hayakaribiani. Mfanyakazi mwenye mshahara ule ule na idadi ile ile ya watoto hupanga maisha kwa namna tofauti kabisa akiwa Nakuru na akiwa Naivasha. Kiini cha tofauti hiyo hakipo katika uzuri wa ziwa wala katika hadhi ya mji. Kipo katika swali la kale la Bonde la Ufa: ardhi inayouzunguka mji ni ya nani, na riziki ya mji inatoka kwenye mikono mingapi.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, baada ya kupita Naivasha. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika sakafu ya bonde kwa mkataba uliowasukuma kuelekea Laikipia na kusini mwa reli, na malisho yao yakagawiwa walowezi. Hapo ndipo njia za miji hii miwili zilipoachana. Nakuru ilizungukwa na wakulima wa nafaka na maziwa wa Njoro, Rongai, Subukia, Solai na Molo, nao walihitaji mahali pa kuuzia mazao, kukopa, kutengeneza matrekta na kusuluhisha kesi zao. Chama cha wakulima, KFA, kiliweka makao yake makuu hapo, na baadaye mji ukawa makao ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Naivasha ilizungukwa na mashamba makubwa ya mifugo yaliyofika hadi ukingo wa maji, na kwa muda mrefu ilibaki stesheni, soko dogo na mahali pa mapumziko ya matajiri wa Nairobi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1950 ndege za majini kutoka Uingereza zilitua ziwani humo zikiwa na abiria wa Nairobi, na abiria hao walipakiwa magarini na kwenda zao. Biashara nyingi ya Naivasha ya leo bado ina tabia hiyo: hutua, hupakia, huondoka.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 570,674 katika mji wa Nakuru na 198,444 katika mji wa Naivasha. Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sheria ya miji na majiji ya mwaka 2011, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inataka jiji liwe na wakazi wasiopungua 250,000 na manispaa wasiopungua 50,000. Kwa hiyo Naivasha ni manispaa yenye bodi yake, huku maamuzi makubwa ya bajeti yakifanywa Nakuru, kwenye makao ya kaunti. Wanaovutwa na vyeo huona hapo jambo kubwa. Kwa mpangaji wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, hata hivyo, hati ya jiji haikuongeza maji mferejini, na mpangaji wa Karagita, Naivasha, hapungukiwi na chochote kwa sababu tu mji wake unaitwa manispaa. Yanayowagusa wote wawili ni kazi, nyumba, maji, hospitali na usalama.

Kwenye kazi, Naivasha inampokea mgeni haraka zaidi. Kilimo cha maua kilianza kando ya ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1960, kikashika kasi miaka ya 1980, na leo eneo hilo ndilo kitovu cha maua yanayoifanya Kenya kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa waridi barani Ulaya. Kijana aliyemaliza shule Kisii, Busia au Kakamega anaweza kushuka kwenye matatu asubuhi, akalala kwa binamu Karagita, na wiki inayofuata akawa anakata waridi kwenye mabanda ya plastiki au kuyapanga kwa urefu kwenye banda la kufungashia. Katika mashamba yaliyo kwenye mapatano ya pamoja, malipo hujadiliwa kati ya chama cha waajiri wa kilimo na chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, ambacho makao yake makuu yako Nakuru. Ajira ya namna hiyo ina stakabadhi ya mshahara, likizo ya uzazi, posho ya nyumba na michango ya uzeeni. Kwa maelfu ya wanawake waliokuwa wakitegemea kibarua cha kulima kwa siku, hilo si jambo dogo, na wanaokilaani kilimo cha maua wakiwa Nairobi au ng'ambo mara nyingi husahau kuuliza kazi ipi nyingine ingewapa wanawake hao haki hizo.

Lakini mji mzima umeegemezwa kwenye zao moja ambalo mnunuzi wake yuko mbali. Kazi hufurika kabla ya tarehe 14 Februari na Siku ya Akina Mama, kisha vibarua wa msimu huachwa. Machi 2020, masoko ya Ulaya yalipofungwa kwa sababu ya korona, maua yalitupwa kwa malori na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kwa wingi. Na kwa kuwa mwenye duka, mwenye nyumba, mwendesha bodaboda na mama mboga wote walikuwa wakila mshahara huo huo wa maua, wote walikosa siku moja. Uchumi mwingine upo. Mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 1981, na hoteli za ziwani hujaa wikendi. Lakini Olkaria hutaka mafundi wachache wenye ujuzi kuliko vibarua wengi, nazo hoteli huajiri kwa msimu. Mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyorejea kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 yakiwa na makao Naivasha, huleta siku chache za fedha nyingi, bei za vyumba zikipanda hadi mkazi mwenyewe hawezi kumpatia jamaa yake pa kulala.

Nakuru haina mwajiri mmoja wa kumpokea mgeni, na kwa hiyo mwanzo wake ni mgumu zaidi. Viwanda vyake vimepungua. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka 2014, na pareto, zao lililowahi kuifanya Kenya muuzaji mkuu wa duniani na lililosindikwa mjini humo, lilidhoofika hadi wakulima wakang'oa miche yao. Hata hivyo mji haukuanguka pamoja na pareto wala pamoja na betri, na hilo linaeleza mengi. Riziki ya Nakuru imesambaa: soko la Wakulima linalopokea viazi vya Molo na kabeji za Bahati, maduka ya pembejeo, gereji za jua kali, wanafunzi wa Egerton na Kabarak, ofisi za serikali, mahakama, benki, wauza mitumba, wajenzi wa nyumba za Kiamunyi na Lanet. Anayepoteza kazi Nakuru ana milango kadhaa midogo ya kubisha. Kipato chake kitapungua na kitayumba, ila haondoki mjini. Kwa familia inayopanga miaka kumi mbele, mpangilio huu ni bora kuliko mshahara mmoja wa uhakika usio na wa pili, na hili ndilo jambo la kwanza linaloipa Nakuru uzito kwenye mizani.

Makazi yanafuata kazi. Nakuru ina ngazi nyingi za nyumba. Nyumba za manispaa za Bondeni, Kivumbini, Flamingo na Kaloleni zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na bado zinakaliwa. Kuna ploti za chumba kimoja kimoja Kaptembwo na Rhonda, nyumba za ghorofa Section 58 na Pipeline, na majumba ya Milimani. Mtu akiongezewa mshahara anaweza kupanda ngazi moja bila kubadili shule ya mtoto. Naivasha inakosa ngazi za katikati. Barabara ya kusini ya ziwa, Moi South Lake, imepakana na ua na seng'enge za mashamba na hoteli kwa kilomita nyingi, na makazi ya wafanyakazi yamebanwa kwenye vipande vilivyobaki: Karagita, Kamere, Kwa Muhia, Kongoni. Karagita ilikua bila ramani ya mji. Nyumba ni safu za vyumba vinavyotazamana, choo kimoja kwa wapangaji wengi, na ujia unaogeuka mto mvua inaponyesha. Mashamba kadhaa yamejenga nyumba nzuri kwa wafanyakazi wao, ila nyumba hizo huisha siku ajira inapoisha, na hapo familia hupoteza mshahara, paa na pengine zahanati kwa barua moja.

Maji ndiyo eneo ambalo miji yote miwili inawaangusha wakazi wake, kila mmoja kwa namna yake. Miamba ya volkano ya bonde hili hutia floridi nyingi kwenye maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nakuru na Naivasha hupita kiwango hicho mara kadhaa. Ushahidi unaonekana kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa, na katika hali mbaya zaidi floridi huathiri mifupa na viungo. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ndiyo iliyoonyesha njia iliyo nafuu: mifupa ya ng'ombe huchomwa hadi kuwa mkaa, na mkaa huo hunasa floridi maji yanapopita katikati yake. Teknolojia hiyo imekuwapo Nakuru tangu miaka ya 1990, na ni aibu kwamba bado mtoto wa Barut, pembezoni mwa Nakuru, au wa Karagita hunywa maji ya kisima yasiyochujwa kwa sababu mzazi hamudu mtungi wa maji ya dukani.

Nakuru hupata maji kutoka visima vya Kabatini na Baharini na kutoka mto Turasha, upande wa Nyandarua. Hayatoshi. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na bwawa la Itare huko Kuresoi, lililotarajiwa kumaliza tatizo hilo, lilianza kujengwa mwaka 2017 na kusimama mwaka uliofuata mkandarasi wake wa Italia alipofilisika. Naivasha inakaa kando ya ziwa la maji baridi, lisilo na chumvi, ambalo mito ya Malewa na Gilgil hulijaza. Lakini ziwa hilo humwagilia waridi kabla halijafika kwenye jerikeni la mpangaji. Katika vijiji vya wafanyakazi maji hununuliwa kwenye vioski au kwa wasukuma mikokoteni, na anayenunua kwa mtungi wa lita 20 hulipa kwa kila lita zaidi ya yule mwenye bomba nyumbani. Kwa majitaka, Nakuru iko mbele kidogo. Ina mitambo miwili ya kusafisha na mtandao wa mabomba katika mitaa ya zamani, ingawa nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo. Kampuni yake ya maji imeanzisha kazi ya kugeuza kinyesi cha vyoo hivyo kuwa vibonge vya makaa ya kupikia, na kazi hiyo inastahili kuigwa Naivasha bila kuchelewa.

Ziwa lenyewe ni la nani? Mgeni hudhani kwamba mkazi wa mji wa ziwa hutembea ufuoni jioni. Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1960, na hifadhi yote ilizungushiwa ua wa umeme miaka ya 1980 kuwalinda vifaru. Ni hifadhi ya thamani isiyo na shaka, ni eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 1990, na ua huo umewaokoa wanyama na watu pia. Lakini watoto wengi wa Rhonda hukua wakiliona ziwa kwa mbali tu, kwa sababu kiingilio cha familia nzima ni sawa na matumizi ya siku kadhaa. Naivasha haina ua wa serikali, ina ua wa watu binafsi. Wenye mashamba ya ukingoni wamekuwa na chama chao tangu mwisho wa miaka ya 1920, na njia za umma za kufika majini ni chache. Mkazi wa kawaida hufika Kamere au ufuo wa Karagita, ambako wavuvi huleta kambare na perege na kukutana na viboko wanaoua watu mara kwa mara. Bustani ya umma ya heshima kando ya maji, ambapo mfanyakazi angekaa Jumapili na watoto wake bila kulipa na bila kuhatarisha maisha, haipo Nakuru wala Naivasha. Hili ni kosa la mipango, wala halihitaji mabilioni kurekebishwa.

Pale mkazi asipolifuata ziwa, ziwa limemfuata. Kuanzia mwaka 2010 maziwa ya bonde hili yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru, ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote na kuutia mji vumbi la magadi, lilitanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la zamani la hifadhi na kuingia mashambani mwa Barut na Mwariki. Naivasha imepata pigo kubwa zaidi kwa sababu watu walijenga kwenye kitanda cha ziwa lilipokuwa limerudi nyuma. Mtaa wa Kihoto ulifurika mwaka 2020 na tena mwishoni mwa mwaka 2025, wapangaji wakitoa magodoro kwa mashua na vyoo vya shimo vikichanganyika na maji yaliyokuwa sebuleni. Wengi wao walikuwa na karatasi za kununua ploti. Aliyeidhinisha ploti hizo anadaiwa maelezo na watu hao, na fidia ikiwezekana. Nakuru nayo ina hatari yake ya chini kwa chini: udongo wa majivu ya volkano juu ya nyufa za kijiolojia hufunguka ghafla baada ya mvua kubwa, na nyumba au barabara ikazama. Mwenye kujenga magharibi mwa mji bila kumwuliza mtaalamu wa udongo anacheza na maisha ya wapangaji.

Kwa afya na elimu, hakuna ushindani wa kweli. Hospitali ya rufaa ya Nakuru, iliyokuwa hospitali ya mkoa, hupokea wagonjwa kutoka Baringo, Nyandarua, Samburu na Narok, na ina huduma za saratani ambazo zamani zilimlazimu mgonjwa kwenda Nairobi. Msongamano wake ni wa kutisha, ila daktari bingwa yupo. Hospitali ya Naivasha hubeba mzigo wa mji, wa mashamba na wa ajali za barabara kuu kwa pamoja, na kesi nzito hupelekwa Nakuru au Nairobi. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kiko Njoro, karibu kiasi kwamba kijana wa Nakuru anaweza kusoma akilala kwao. Mwenzake wa Naivasha hutafuta chumba cha kupanga, na kwa mzazi wa mshahara wa maua chumba hicho huamua kama masomo yataendelea.

Usalama wa kuishi pamoja unahitaji kutajwa kwa uwazi. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliingia miji yote miwili. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika jinsi watu 19 walivyochomwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati, Naivasha, na jinsi mitaa ya Nakuru ilivyogawanyika kwa makabila ndani ya siku chache. Katika vijiji vya maua waliolengwa walikuwa wafanyakazi wa kutoka magharibi mwa nchi, wapangaji wasio na ardhi wala ukoo wa karibu. Miji imetulia tangu wakati huo. Hata hivyo kila mwaka wa uchaguzi baadhi ya familia za Karagita na Kaptembwo hupeleka watoto nyumbani mapema. Mchanganyiko wa Nakuru ni mkongwe zaidi: vizazi vitatu au vinne vya Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi na Waislamu wa Bondeni wamesoma shule moja na kuuziana soko moja. Hilo halikuizuia damu kumwagika, ila lilirahisisha kurudiana. Huko Naivasha wakazi wengi hujihesabu kuwa wapo kikazi tu, na mji ambao watu wake wanajiona wapitaji hauna wa kumdai diwani taa za barabarani wala wa kulinda jirani.

Kwa umbali wa Nairobi, Naivasha ina nafuu ya wazi: kilomita 90 hivi dhidi ya 160 za Nakuru. Reli mpya ya SGR iliyofunguliwa Oktoba 2019 inaitwa ya Naivasha, japo inaishia Suswa, mbali na mji wenyewe, na abiria wa mjini bado hutegemea matatu. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa mwishoni mwa 2025, utapunguza saa na ajali kwa miji yote miwili na utaleta ushuru wa barabarani, ambao mwenye matatu atauhamishia kwenye nauli. Kwa jumla, mtu asiye na familia anayetafuta mshahara wa kwanza ana sababu nzuri ya kushukia Naivasha. Mwenye watoto, akiweza kuvumilia miezi michache ya mwanzo bila kazi ya uhakika, atapata Nakuru shule, daktari na nyumba ya kupanda ngazi. Wapo tayari wanaofanya yote mawili: wiki nzima hulala chumba cha Kwa Muhia, na Jumamosi jioni hupanda matatu kwenda kwa familia Lanet au Free Area, wakiwa wamebeba mshahara wa mji mmoja kulipia karo ya mji mwingine.